Mchiku gani upande nyumbani? Bibi Shamba anajibu maswali yenu

Barua za chiku zimekuwa nyingi mno safari hii mpaka nimeamua ukurasa wote niuachie mchiku peke yake, za maembe na parachichi nitazijibu toleo lijalo, mnivumilie. Nimezifupisha kidogo tu ili zitoshe.

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Nina uwanja nyuma ya nyumba kama mita nane kwa sita hivi, nataka nipande mchiku mmoja tu wa kula sisi na watoto, sio wa kuuza. Shida yangu nimesoma majina mpaka kichwa kinaniuma, mara Kalipatti, mara Cricket Ball, mara Makok, Alano, Silas Woods, Prolific, na kila anayeuza miche anasema wake ndio mtamu kuliko yote. Jirani yangu ananiambia achana na majina, we chukua mbegu ya chiku tamu uliyokula uifukie, si itatoka ileile. Niambie ukweli, nichukue ipi?
*Mama wa watoto watatu*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na ushauri wa jirani maana huo ndio utakaokula miaka yako. Mbegu ya chiku haitoi tunda lilelile ulilokula, mara nyingi ua la mchiku limechukua chavua ya mti mwingine kwa hiyo mbegu ile ni mchanganyiko, unaweza kupata mti wenye chiku nzuri, unaweza kupata wenye chiku ndogo chache zenye mchanga mchanga mdomoni, na hutajua mpaka uzae. Na kuzaa kwenyewe, mti wa mbegu unakaa miaka mitano mpaka minane, mingine inapitiliza hapo. Mche uliobebeshwa, yaani kitawi cha aina nzuri kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, unaanza kuzaa kati ya mwaka wa pili na wa nne, na tunda lake unalijua kabla hujachimba shimo. Kwa mtu mwenye nafasi ya mti mmoja hapa hakuna mjadala, chukua mche uliobebeshwa.

Sasa tuje kwenye majina, ila kabla ya majina naomba uutazame uwanja wako kwanza. Mchiku ukiuacha ukue unavyotaka ni mti mkubwa jamani, kule kwao asili kwenye misitu ya kusini mwa Mexico na Guatemala unafika mpaka mita 30, na hata wa nyumbani usioguswa unapita mita 12 bila shida. Inashauriwa mti wa aina ya kawaida ukae mita saba au nane hivi kutoka kwenye nyumba na kutoka kwenye mti mwingine. Wewe una nane kwa sita. Kwa hiyo aina zenye mti mpana ukizipanda hapo utakuwa na panga mkononi kila mwaka, na ukikata sana unakata na matunda yako, manake mchiku unatoa maua kwenye ncha za vitawi.

Kitu cha pili ambacho wauzaji wengi hawakisemi ni kwamba baadhi ya aina za mchiku hazizai zikiwa peke yake. Maua yanatoka mengi tu lakini chavua ya mti wenyewe haikubali, lazima kuwe na mchiku wa aina tofauti jirani. Nyingine zinazaa peke yake ila zikipata mwenzake zinazaa zaidi. Kwa hiyo we unayetaka mti mmoja, swali la kwanza kumuuliza muuzaji sio "ni mtamu?" maana hakuna atakayekujibu hapana, muulize "huu unazaa ukiwa peke yake?", na kama anao mti mzima hapo kwake mwombe ukauone na uonje tunda lake. Na chungulia ua wa jirani huyo huyo, kama ana mchiku na nyuki na wadudu wengine wadogo wanapita huku na huku, basi hofu yako imepungua sana.

Haya, majina. Kwa sehemu yako mimi ningechukua Makok. Ni aina ya Thailand, mti wake ni mfupi na umejikusanya, chiku yake ni ndogo, ndefu ndefu imechongoka mwisho, nyama yake laini na utamu wake ni wa hali ya juu kabisa, nasema hivyo bila kusita. Watu wanaipita kwa sababu ya udogo wa tunda, na hapo ndipo ninapogombana na wateja wa miche, mtu anachagua chiku kwa saizi utadhani ananunua tikiti maji! Chiku unaila na kijiko, tunda moja mtu mmoja, sasa ukubwa wa nini. Baada ya Makok ningekutajia Silas Woods ya Florida, nayo mti wake mdogo na ina sifa ya kuwa na tunda karibu mwaka mzima, kwa nyumba yenye watoto hiyo ni neema, kila wiki kuna viwili vitatu vya kuchuma badala ya kuletewa ndoo tatu kwa mpigo halafu miezi mitupu.

Alano ni chaguo la tatu, ilichaguliwa Hawaii, tunda lake ni la wastani, nyama laini haina mchanga na ladha nzuri sana, ila hii uwe tayari kuupogolea. Prolific na Brown Sugar nazo zilichaguliwa Florida, kule Homestead. Prolific jina lake halidanganyi, inaanza mapema na inazaa sana na kila mwaka, ganda lake ni jepesi la rangi ya kung'aa kidogo. Brown Sugar ina tunda dogo kiasi, lenye maji na harufu na tamu sana, nyama yake ina chenga kidogo kwa anayejali, na tunda linakaa vizuri baada ya kuchumwa. Hizi mbili mti wake ni mkubwa, kwa hiyo kwa mita zako sita mimi nisingeanza nazo, lakini msomaji mwenye uwanja mpana azifikirie.

Ukienda kununua angalia chini kwenye shina, utaona kovu pale kikonyo, yaani kile kitawi kilichobebeshwa, kilipoungana na shina la chini, kuanzia sentimita kadhaa juu ya udongo. Kama shina limenyooka laini hakuna kovu lolote na hakuna dalili kwamba ni tawi lililofungwa udongo likatoa mizizi, huo ni mche wa mbegu hata kama umeandikwa jina la kuvutia namna gani. Usichukue mche mrefu uliokonda kwenye kifuko kidogo wakati mizizi imeshajizungusha chini, bora mfupi wenye shina nene na majani ya kijani iliyokolea.

SWALI: Bibi shamba habari za kazi. Mimi na mume wangu tumegoma kuelewana, tuna eneo kubwa tu la kutosha miti miwili au mitatu, yeye anataka Cricket Ball kwa sababu aliona picha zake kubwa kama mpira kweli, mimi nilionjeshwa Kalipatti nikaipenda. Amesema wewe ndio uamue na atakubali.
*Mke aliyechoka kubishana*

JIBU: Nzuri dada yangu, na mumeo nampa pole maana naenda upande wako, lakini asikate tamaa asome mpaka mwisho.

Zote mbili ni aina za India, nchi inayolima chiku kwa wingi kuliko nyingine. Kalipatti ndio aina inayoongoza kwenye majimbo ya Maharashtra na Gujarat, na ukiona wakulima wa biashara wameing'ang'ania miaka yote hiyo ujue kuna sababu. Tunda lake lina umbo la yai, ganda jembamba, mbegu chache, moja mpaka nne hivi, nyama laini yenye utamu uliotulia. Inazaa vizuri. Cricket Ball ni kubwa kweli, la mviringo, hapo mumeo hajadanganywa na picha. Lakini nyama yake ina chengachenga, utamu wake ni wa kiasi, na mti wake ni mchoyo, hauzai sana. Yaani unapewa ukubwa halafu unanyang'anywa vitu vitatu.

Kinachonifurahisha kwenye swali lenu ni hilo eneo. Kwa sababu mchiku unapenda kuwa na mwenzake wa aina nyingine, pandeni zote mbili, Kalipatti mmoja na Cricket Ball mmoja, muachie mita nane kati yao, na mti wa mumeo ndio utakaofaidika zaidi kwa sababu huo ndio wenye shida ya kuzaa ukikaa peke yake. Kama mna nafasi ya mti wa tatu tafuteni PKM 1, hii ilitoka kituo cha Periyakulam huko Tamil Nadu, mti wake ni mfupi kuliko hizo mbili na unazaa sana, hata wanaoupanda kwa kubanana wanaupata vizuri.

Watafiti wa Dharwad, Karnataka, nao waliona ubishi kama wenu wakaamua kuzichanganya hizohizo mbili, Kalipatti na Cricket Ball, wakapata DSH 1 na DSH 2. Mkizipata zilizobebeshwa na muuzaji mnamwamini, huo nao ni mwisho mzuri wa ugomvi. Na kama mumeo bado anataka tunda kubwa ila lenye ladha, aiulizie Hasya ya Mexico, tunda lake ni zito, limechongoka pande zote mbili, na nyama yake ina wekundu fulani hivi na ladha ya kuheshimika. Kwangu mimi hiyo ndio chiku kubwa pekee ninayoweza kuitetea mbele za watu. Ile Russell ya Florida, iliyopewa jina mwaka 1935, nayo ni kubwa na ina utamu mzito, lakini inachelewa kuanza kuzaa na ikianza haitoi nyingi.

SWALI: Hujambo bibi shamba, mchiku wangu una miaka sita niliupanda kwa mbegu, mwaka huu na mwaka jana umetoa maua mengi kweli lakini yote yanakauka na kudondoka, sijawahi kuona tunda hata moja. Watu wananiambia ni mti dume niukate. Je nikate?
*Msomaji wa muda mrefu*

JIBU: Sijambo. Weka panga chini kwanza. Mchiku hauna dume na jike kama mpapai, kila ua lina sehemu zote mbili ndani yake, kwa hiyo hiyo habari ya mti dume iondoe kabisa kichwani.

Mti wa mbegu wenye miaka sita ni kijana tu, na miti mingi ya matunda maua ya mwanzo inayamwaga. Ila miaka miwili mfululizo bila hata tunda moja mimi nashuku huo mti wako haujikubali wenyewe. Hujaniambia kama kuna mchiku mwingine karibu, nakisia hakuna. Jaribu hivi: tafuta vitawi vyenye maua yaliyofunguka siku hiyo kutoka mchiku wa mtu mwingine, wa aina nyingine, rudi navyo nyumbani na brashi ndogo laini ya kuchorea, pakaza chavua kwenye ule uzi wa katikati unaochomoza nje ya maua yako, uyatie alama kwa uzi wa rangi. Fanya kwa maua mengi kwa siku kadhaa, maua ya mchiku ni madogo na yanataka subira. Yale yenye alama yakishika tunda na mengine yakidondoka umepata jibu lako, dawa ni kupanda wa pili, uliobebeshwa, hapohapo jirani. Mche huo nao utazaa wenyewe baada ya miaka miwili mitatu, kwa hiyo hujapoteza.

Kama yote yanadondoka hata hayo uliyopakaza, angalia maji. Mchiku mkubwa unavumilia ukame sana lakini ukipata kiu kali wakati wa maua unayaacha. Angalia pia kama unauwekea mbolea nyingi ya kukuzia majani, mti unanenepa tu unasahau kuzaa. Na kuna njia nyingine ambayo mafundi wa miche wanaifanya, shina lako unaliacha ila matawi yanabebeshwa aina nzuri, ukipata fundi anayejua kubebesha mchiku mpe huo mti, mizizi ya miaka sita sio kitu cha kutupa.

SWALI: Mimi naishi ghorofani nina kibaraza kinachopata jua mchana kutwa. Chiku inawezekana kwenye ndoo?
*Wa ghorofa ya tatu*

JIBU: Inawezekana, ila ndoo hapana, tafuta pipa au chungu cha lita 60 kwenda juu, chenye matundu ya kutosha chini, na kabla hujalijaza udongo uulize kama hicho kibaraza kinabeba uzito huo maana pipa lenye udongo uliolowa sio mchezo. Aina ni mbili tu nitakazokutajia, Makok au Silas Woods, nyingine usihangaike nazo. Changanya udongo na mboji na mchanga mwingi ili maji yapite, mchiku unavumilia mambo mengi sana lakini kusimama kwenye maji haukubali. Kata ncha ya shina ukifika kama mita moja ili utoe matawi ya pembeni, halafu baada ya hapo uwe unapunguza kidogo kidogo kila ukimaliza kuchuma. Kwenye pipa kiu inakuja haraka, kwa hiyo huo uvumilivu wa ukame unaousoma usiuhesabu, huo ni wa mti wenye mizizi mirefu ardhini.

SWALI: Bibi shamba shikamoo. Mimi nilishapanda tayari, mti umezaa, lakini chiku zangu nikila zinakaza mdomo na kuninatisha midomo kama gundi, kuna siku zinakuwa tamu kuna siku haziliki. Je nilichagua aina mbaya? Nifikirie kung'oa nipande nyingine?
*Msomaji mwenye huzuni*

JIBU: Marahaba, na futa huzuni, siamini kama aina yako ni mbaya. Ingekuwa mbaya ingekuwa mbaya siku zote. Hapa shida ni kuchuma kabla ya wakati, na nawaambia ukweli miti mingi inalaumiwa kwa kosa hili, watu wanang'oa Kalipatti safi kabisa wakidhani wameuziwa takataka.

Chiku changa imejaa utomvu mweupe na kile kitu kinachokaza mdomo, kinachopatikana pia kwenye ndizi mbichi, na vyote viwili vinapungua tunda linapokomaa. Sasa shida ya chiku ni kwamba haibadiliki rangi kwa nje. Embe linakuambia, papai linakuambia, chiku inakuwa ya kahawia toka ndogo mpaka mwisho. Kwa hiyo unaikwaruza. Chukua ukucha, kwaruza ganda kidogo sana, ukiona chini yake kijani iache mtini, ukiona rangi ya njano iliyofifia au kahawia nyepesi inayoelekea chungwa hiyo imekomaa. Dalili nyingine ni ule unga unga mkavu wa juu, kwenye tunda lililokomaa ukiupangusa na kidole unatoka kirahisi ganda linabaki laini. Na ukilikata kikonyo utomvu unadondoka kidogo tu, kwenye changa unatiririka.

Kutoka ua mpaka tunda kukomaa ni muda mrefu, miezi minne mpaka sita kwenye sehemu zenye joto na kwa baadhi ya aina na maeneo inafika hata miezi kumi, ndio maana kwenye mti mmoja unakuta maua, vitoto na matunda makubwa kwa wakati mmoja, na ndio maana siku moja unachuma tamu na siku nyingine unachuma changa kutoka tawi lilelile. Chuma moja moja, usivune mti mzima kwa siku moja.

Ukishachuma usile hapohapo. Chiku inaivia nje ya mti, iweke mahali penye kivuli kwenye joto la kawaida la nyumba, kati ya siku nne na kumi inalainika, ukiibonyeza inakubali kama parachichi lililoiva, hapo ndio uile au uiingize kwenye friji ikakae siku chache. Usiingize friji ikiwa bado ngumu, baridi inaiharibu, inabaki ngumu na haitaiva vizuri hata ukiitoa. Na ile inayolainika halafu bado inakaza mdomo ujue ilichumwa changa mno, hiyo haina dawa.

Jambo moja la lazima kwa wenye watoto, na hili nalisema kwa msisitizo: mbegu za chiku ni nyeusi, zinateleza, na zina kindoano kwenye ncha moja. Kindoano kile kinaweza kunasa kooni. Kata tunda katikati, toa mbegu zote, ndio umpe mtoto kijiko. Kama bado unachagua aina na una watoto wadogo hii nayo ni sababu ya kupenda aina zenye mbegu chache.

SWALI: Nimesikia babligamu zilikuwa zinatokana na mchiku, ni kweli au porojo? Na kama ule utomvu ni mali, nikichanja mti wangu nitapata kitu? Halafu swali langu la pili, nataka nijifunze kubebesha mwenyewe, nimejaribu mara nyingi kikonyo kinakufa.
*Kijana mkulima*

JIBU: Ni kweli tupu kijana wangu. Utomvu wa mchiku ndio uliotengenezewa babligamu za zamani, watu wa Mexico na Amerika ya Kati walikuwa wanautafuna toka enzi na enzi, na miaka ya 1870 Thomas Adams wa New York akaanza kuuza za kiwandani zilizotokana nao. Baadaye viwanda vingi vikahamia kwenye malighafi za kutengenezwa. Mbao zake nazo ni za ajabu, kwenye mahekalu ya Wamaya kule Tikal, Guatemala, boriti za mchiku juu ya milango zimekaa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini mti wako wa nyumbani usiuchanje. Kuchanja kunaujeruhi na kuudhoofisha, unapoteza chiku kwa ajili ya gundi kidogo isiyokufaa kitu, na jeraha ni mlango wa magonjwa.

Huo utomvu ndio unaokuulia vikonyo vyako pia. Ukikata tu unamwagika kwenye kidonda, unaganda pale katikati, na ngozi ya kikonyo na ya shina hazigusani tena. Fundi anafanya hivi: wiki kadhaa kabla ya siku ya kubebesha anachagua kitawi, anakikata duara la ganda chini yake na kukipunguza majani ili kijijaze chakula na macho yavimbe, halafu siku yenyewe anaacha utomvu udondoke, anafuta kwa kitambaa kisafi, kisu kikali kama wembe na anafanya haraka, kisha anafunga kwa plastiki iliyobana. Njia ya kubebesha ubavuni ndio inayopendwa kwa mchiku. Shina la chini wengi wanatumia mche wa chiku ya mbegu, na India wanapenda sana khirni, ndugu yake wa porini. Kwa hiyo zile mbegu za jirani za kwenye swali la kwanza kumbe zina kazi, zioteshe ziwe shina la chini, na zikikaushwa vizuri zinadumu miaka kadhaa bila kufa, huna haja ya kukimbizana.

Usitarajie vikonyo vyote vishike, hata mafundi wanapoteza. Kama inakushinda kabisa funga udongo kwenye tawi, chuna ganda duara upana wa vidole viwili, weka udongo wenye mboji uliolowa, funika na plastiki, subiri miezi kadhaa. Mchiku ni mzito kutoa mizizi kwa njia hii lakini inawezekana.

SWALI: Nyumba yetu iko karibu kabisa na bahari, upepo wa chumvi unaunguza kila tunachopanda. Na dada yangu anakaa sehemu ya milimani yenye baridi kali asubuhi, naye anataka. Tupande ipi?
*Ndugu wawili*

JIBU: Wewe wa baharini umebahatika, kati ya miti ya matunda mchiku ni mmoja wa wanaovumilia chumvi vizuri kabisa, ya hewani na hata ya ardhini kiasi, na upepo mkali hauutishi ukishakomaa. Aina yoyote niliyoitaja juu inakufaa, chagua kwa nafasi na ladha, ila mche mchanga ukinge mwaka wa kwanza na wa pili kwa uzio wa majani makavu na uumwagilie maji matamu mpaka ushike.

Dada yako asubiri kwanza aangalie kipimajoto. Mti mkubwa unaweza kustahimili kushuka mpaka nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri kwa saa chache tu, mche mchanga ukifika sifuri au moja chini yake unaumia au unakufa kabisa. Kama kwake barafu inaonekana kwenye majani asubuhi mara kwa mara, asipande ardhini, achukue Makok kwenye pipa lenye magurudumu aliingize ndani usiku wa baridi. Kama ni ubaridi tu usiofika huko mti utaishi, ila utakua polepole na tunda litachelewa zaidi kukomaa, kwa hiyo aachane na Russell na nyingine zinazochelewa, achukue Prolific inayoanza kuzaa mapema, aupande upande wa ukuta unaopata jua la mchana.